Kilimanjaro ya bei poa: nani hulipa pengo?

BIASHARA ya utalii nchini Tanzania imepanda kwa kasi tangu lilipopita janga la Uviko-19, na wafanyabiashara wadogo wa Moshi na Arusha wanaendelea kuingiza mitaji yao humo. Wapo wanaouza mboga na mayai, wapo wanaokodisha magari na mahema, na wapo wanaofungua kampuni zao wenyewe za kupandisha wageni Mlima Kilimanjaro.

Hata hivyo, kipo kipimo kimoja ambacho wengi wao hawakitumii kabla ya kutoa mali au fedha. Kipimo hicho ni bei ambayo kampuni inamtoza mgeni. Bei hiyo si siri, kwani hutangazwa kwenye mtandao kwa kila mtu kuisoma. Anayejua kuichambua anaweza kutambua, kabla mgeni hajatua Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA), kama kampuni itakuwa na fedha za kuwalipa waliomhudumia mgeni huyo au kama itawazungusha.

Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya gharama za kupanda mlima huo haipunguziki. Kampuni inayouza kwa bei ya chini kupita kiasi haina pa kupunguzia isipokuwa kwa mpagazi, kwa chakula, kwa siku za safari na kwa madeni ya wauzaji wadogo.

Soko limekua

Ukuaji wenyewe hauna ubishi. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977, utalii wa kaskazini ulipata pigo ambalo halikupona hata mpaka ulipofunguliwa tena mwaka 1983. Mwaka 1990 Tanzania ilipokea wageni wapatao 153,000 tu. Baada ya milango kufunguliwa kwa kampuni binafsi, idadi hiyo ilipita 500,000 mwaka 2000, na ilipofika mwaka 2019 ilikuwa 1,527,230.

Mwaka 2020 idadi ilishuka hadi 620,867. Ikapanda tena hadi 922,692 mwaka 2021, kisha 1,454,920 mwaka 2022, mwaka ambao filamu ya Royal Tour aliyoshiriki Rais Samia Suluhu Hassan ilizinduliwa. Mwaka 2023 ilifika 1,808,205 na mwaka 2024 ikavuka milioni mbili na kufikia 2,141,895. Mapato ya mwaka huo wa 2024 yalikuwa takriban dola za Marekani bilioni 3.9, yakilinganishwa na dola bilioni 2.6 za mwaka 2019.

Takwimu hizo ni za wote wanaoingia nchini, wakiwamo wanaokwenda fukwe za Zanzibar na wanaokuja kutembelea ndugu. Wanaopanda Kilimanjaro ni makumi ya maelfu tu kwa mwaka. Lakini kwa mfanyabiashara mdogo mgeni wa mlimani ana uzito wake wa pekee. Gari moja la kwenda Serengeti lenye dereva mmoja hubeba wageni hadi sita au saba. Mlimani hali ni kinyume chake: mgeni mmoja huhitaji watu watatu, wanne au zaidi wa kumbebea, kumpikia na kumwongoza. Watu hao wote wanakula, wanavaa, wanasafirishwa hadi langoni na wanarudi mjini na mshahara. Ndiyo maana fedha ya mlima huenea haraka katika masoko ya Moshi kuliko fedha ya mbugani.

Gharama zisizopunguzika

Gharama ya kwanza ni ada za Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA). Kwa viwango vya miaka ya karibuni, mgeni mtu mzima kutoka nje ya Afrika Mashariki hutozwa dola 70 kwa siku kama ada ya uhifadhi. Kila usiku anaolala kambini ni dola 50. Kwa wanaotumia njia ya Marangu, ambayo ndiyo yenye vibanda vya kulala vya Mandara, Horombo na Kibo, kila usiku ni dola 60. Juu ya hapo kuna ada ya uokoaji dola 20 kwa safari nzima. Kisha kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 18 huongezwa juu ya jumla.

Kwa safari ya siku saba kupitia njia ya Machame, hesabu ni hivi: siku 7 kwa dola 70 ni dola 490, usiku 6 kwa dola 50 ni dola 300, uokoaji dola 20. Jumla ni dola 810. Ukiweka VAT ya dola 145.80, inafika dola 955.80, tuseme dola 956.

Fedha hizo hulipwa kabla ya mgeni kuingia langoni, kwa namba ya kumbukumbu ya malipo. Hakuna mkopo, hakuna kupatana bei, hakuna kusubiri mwisho wa mwezi. Kampuni kubwa na kampuni ya mfukoni zote hulipa kiasi kile kile kwa kila mgeni. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi na kwa kiwango cha chini sana, lakini si hao wanaobeba biashara hii.

Kwa maana nyingine, katika mnyororo wote wa wanaodai kampuni, hifadhi ndiyo inayolipwa kwanza na kwa ukamilifu. Wengine wote hugawana kilichobaki.

Hesabu ya wageni wawili

Tuchukue mfano wa wageni wawili wanaopanda pamoja kwa siku saba kupitia Machame. Viwango vinavyofuata, ukiondoa ada za hifadhi, ni vya mfano ili kuonyesha namna hesabu inavyokwenda. Kila kampuni ina viwango vyake. Dola moja tunaihesabu kwa shilingi 2,500.

Wageni wawili wanahitaji kiongozi mmoja, msaidizi mmoja, mpishi mmoja na wapagazi saba, jumla watu kumi. Mpagazi akilipwa shilingi 20,000 kwa siku, kiwango ambacho kwa miaka mingi kimetajwa na mradi wa kutetea wapagazi, KPAP, kuwa ndicho cha haki, wapagazi saba kwa siku saba watalipwa shilingi 980,000, sawa na dola 392. Kiongozi akilipwa shilingi 50,000 kwa siku ni dola 140 kwa safari. Msaidizi akilipwa 40,000 ni dola 112, na mpishi akilipwa 35,000 ni dola 98. Jumla ya mishahara ni dola 742, yaani dola 371 kwa kila mgeni.

Chakula cha wageni, tuseme dola 12 kwa mtu kwa siku, ni dola 168. Chakula cha wafanyakazi kumi, tuseme dola 3 kwa mtu kwa siku, ni dola 210. Hiyo ni dola 189 kwa kila mgeni. Gari la kuwapeleka langoni na kuwachukua lango la Mweka, tuseme dola 150, ni dola 75 kwa kila mgeni. Kuchakaa kwa mahema, majiko, magodoro na gesi tuweke dola 50 kwa kila mgeni.

Ukijumlisha: ada za hifadhi 956, mishahara 371, chakula 189, usafiri 75 na vifaa 50, gharama ya mgeni mmoja ni dola 1,641. Hapo hoteli ya Moshi haijahesabiwa, wala kodi ya ofisi, leseni, matangazo, kamisheni ya wakala wa nje, wala faida ya mwenye kampuni.

Sasa kampuni ikitangaza safari hiyo hiyo kwa dola 1,400, pengo ni dola 241 kwa mgeni, au dola 482 kwa wageni wawili. Mishahara yote ya wapagazi saba kwa siku zote saba ni dola 392. Maana yake ni kwamba hata wapagazi wote wakipanda na kushuka bure, pengo halijaziba.

Pengo huzibwa wapi

Njia ya kwanza ni kukata siku. Safari ya siku sita ya Machame hupunguza ada za hifadhi kutoka dola 956 hadi dola 814 kwa mgeni. Ukijumlisha mshahara na chakula cha siku moja, kampuni huokoa takriban dola 222 kwa kila mgeni, karibu pengo lote.

Kinachopotea ni usiku wa Karanga. Kwa ratiba ya siku saba, mgeni akitoka Barranco hulala Karanga, kisha siku ya pili huenda Barafu, kambi iliyo zaidi ya mita 4,600 kutoka usawa wa bahari. Kwa ratiba ya siku sita hutoka Barranco moja kwa moja hadi Barafu, hupumzika saa chache, na usiku huo huo huanza kupanda kuelekea kilele cha Uhuru chenye mita 5,895. Mwili hupata muda mdogo wa kuzoea hewa nyepesi. Waongozaji wanajua kuwa kadiri siku zinavyopungua ndivyo wanaogeuzia njiani wanavyoongezeka, na ugonjwa wa mwinuko unaweza kuua. Mgeni aliyeshindwa kufika kileleni hurudi kwao na kuandika kwenye mtandao, na kampuni inayotegemea bei huanza kupoteza hata wateja wa bei ya chini.

Njia ya pili ni kupunguza wapagazi. Kwa mujibu wa taratibu za hifadhi, mzigo wa mpagazi haupaswi kuzidi kilo 20, na mizigo hupimwa kwa mizani langoni. Wapagazi saba wana uwezo wa kubeba kilo 140. Mzigo huo huo ukigawiwa watu watano, kila mmoja atabeba kilo 28. Huyo ndiye mtu ambaye asubuhi hung'oa hema baada ya wageni kuondoka, huwapita njiani, na huwa ameshasimamisha kambi inayofuata kabla hawajafika. Wenyewe huitana wagumu, na jina hilo halikuja bure.

Njia ya tatu ni kutolipa mshahara wote. Malalamiko ya wagumu kwa miaka mingi yamekuwa yale yale: kulipwa chini ya kiwango, kulipwa kwa mafungu, kulishwa mlo mmoja kwa siku, kulala wengi katika hema moja, na bakshishi ya mgeni kutowafikia. Wapo wanaopandishwa kwa ahadi ya bakshishi tu. Mgeni anadhani anatoa zawadi juu ya mshahara, kumbe yeye ndiye analipa mshahara. KPAP, iliyoanza kazi zake mwaka 2003, ilianzishwa kwa ajili ya matatizo hayo, na kampuni zinazokubali kukaguliwa nayo hutumia jambo hilo kama tangazo la biashara.

Njia ya nne ndiyo inayowahusu moja kwa moja wasomaji wa ukurasa huu. Ni kuchukua bidhaa kwa mali kauli na kuchelewesha malipo.

Mali kauli

Kampuni ya bei poa haifi mara moja. Huendelea kuishi kwa sababu wageni hulipa malipo ya awali miezi kadhaa kabla ya kuja. Fedha ya mgeni wa Agosti hutumika kulipa ada ya hifadhi ya mgeni wa Juni. Ya mgeni wa Desemba humlipia yule wa Agosti. Muda wote wageni wanapoongezeka, mzunguko huo unakwenda. Mwenye kampuni huonekana ana kazi nyingi, magari yanatoka na kuingia, na muuza kuku anafurahi kwamba oda zinaongezeka kila wiki.

Hapo ndipo penye mtego. Oda zinapoongezeka, deni nalo linaongezeka. Muuzaji aliyeanza kwa kutoa trei kumi za mayai na kulipwa baada ya wiki moja, hujikuta anatoa trei arobaini na kulipwa baada ya miezi miwili. Kwa kuwa anaogopa kumpoteza mteja mkubwa, haulizi. Na ili aendelee kumhudumia, naye hukopa kwa mfugaji au kwa taasisi ya mikopo midogo kwa riba. Hajui kwamba ameshageuka kuwa benki ya kampuni hiyo, tena benki isiyotoza riba na isiyo na dhamana.

Siku wageni wakipungua, mzunguko unakatika. TANAPA haidai kitu kwa kuwa ilishalipwa. Wakala wa nje alishakata kamisheni yake. Wanaobaki na madaftari ni mgumu, mpishi, mwenye gari la kukodi, muuza mboga wa Mbuyuni na muuza mayai.

Ndiyo sababu bei ya mgeni ni kipimo kizuri cha uaminifu wa malipo kuliko ukubwa wa ofisi au uzuri wa magari. Kampuni ambayo hesabu yake haimtoshi mpagazi haiwezi kumtosha muuzaji. Mfanyabiashara anayesikia kuwa kampuni fulani imewarudisha wagumu bila mshahara kamili asidhani ni habari za watu wengine. Hiyo ni taarifa ya hali ya fedha ya mdaiwa wake.

Msimu na misukosuko

Hata kampuni yenye bei nzuri ina vipindi vya ukame. Mvua za masika, kuanzia Machi hadi Mei, hupunguza wapandaji kwa kiasi kikubwa, na vuli ya Novemba huwapunguza tena. Miezi ya kazi ni Januari na Februari, kisha Juni hadi Oktoba, na wiki za Krismasi na Mwaka Mpya. Muuzaji anayedai fedha mwishoni mwa Machi ajue kuwa mdaiwa wake anaingia katika miezi miwili ya mapato kidogo. Deni lisilolipwa kabla ya masika mara nyingi husubiri hadi Julai.

Ipo pia misukosuko isiyo na msimu. Julai 2016 VAT ya asilimia 18 ilianza kutozwa kwenye huduma za utalii. Kampuni nyingi zilikuwa zimeshauza safari za miezi ya mbele kwa bei ya zamani, na tofauti ilibidi itoke mahali fulani. Mwaka 2020 ndege za abiria za kimataifa zilisitishwa Aprili na kuruhusiwa tena Mei, lakini wageni hawakurudi kwa wingi, na mwaka ulifungwa kwa upungufu wa asilimia 59 ukilinganishwa na 2019. Oktoba 2025 ghasia zilizoambatana na uchaguzi mkuu na kuzimwa kwa intaneti kwa siku kadhaa zilikumbusha wenye kampuni kwamba biashara yao yote, kuanzia oda hadi malipo, inapita kwenye mtandao.

Thamani ya shilingi nayo ina mchango wake. Kampuni hupokea dola lakini hulipa mishahara na chakula kwa shilingi. Katika miezi ya mwisho ya mwaka 2024 shilingi iliimarika kutoka zaidi ya 2,700 kwa dola hadi karibu 2,400. Ukirudi kwenye mfano wa wapagazi saba, mshahara wao wa shilingi 980,000 ulikuwa sawa na dola 363 kwa kiwango cha kwanza, na dola 408 kwa kiwango cha pili. Kampuni yenye nafasi katika bei yake iliweza kuvumilia. Iliyouza kwa bei ya kukata na shoka haikuwa na pumzi hiyo. Aidha, kanuni zilizotangazwa Machi 2025 zinakataza kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani, isipokuwa kwa yaliyosamehewa, hivyo muuzaji mdogo asikubali deni lake liandikwe kwa dola kwa matumaini ya faida ya ubadilishaji.

Wapi pa kuingiza mtaji

Kufungua kampuni ya kupandisha wageni ndilo jambo linalovutia vijana wengi, hasa waliowahi kuwa wagumu au waongozaji. Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inawapa nafasi, kwani imetenga shughuli za kupandisha mlima kwa Watanzania. Agizo la mwaka 2025 la kuzuia wasio raia kufanya baadhi ya biashara limegusa pia kazi ya kuongoza watalii. Lakini ulinzi huo wa sheria haumlindi Mtanzania dhidi ya Mtanzania mwenzake anayeuza chini ya gharama. Mwenye mtaji mdogo anayeingia kwenye ushindani wa bei atashindana na watu wanaokula malipo ya awali ya wageni wao, na hapo hakuna mshindi.

Kukodisha vifaa kuna nafuu. Majaketi ya baridi, viatu vya mlima, mabegi ya kulalia, glovu, tochi za kichwa na fimbo za kupandia hukodishwa kwa wageni waliosahau au waliopoteza mizigo, na pia kwa wagumu wasio na nguo za kutosha. Vingi hupatikana kwa kuchambua mitumba au kwa kununua vinavyoachwa na wageni wanaorudi kwao. Uzuri wa biashara hii ni kwamba mteja hulipa kabla ya kuchukua, na vifaa hubaki kuwa mali ya mwenye duka hata msimu ukiwa mbaya.

Kuuza chakula bado ni biashara nzuri kwa anayechagua wateja. Kampuni zenye bei inayotosha hutaka mambo matatu: ubora usiobadilika, mzigo kufika alfajiri bila visingizio, na risiti ya mashine ya EFD. Muuzaji asiye na mashine hujikuta anabaki na kampuni zisizotaka risiti, na mara nyingi hizo ndizo zisizolipa. Gharama ya kujirasimisha kwa hiyo si mzigo mtupu, bali ndiyo tiketi ya kuwafikia walipaji wazuri.

Gari la kukodisha linahitaji mtaji mkubwa na mara nyingi mkopo wa benki wenye rehani. Anayelinunua kwa kutegemea mkataba wa kampuni moja amefunga hatima yake na bei ya kampuni hiyo. Ni heri gari linaloweza pia kufanya kazi za mjini wakati wa masika kuliko Land Cruiser ya kitalii iliyofunguliwa paa, ambayo Aprili husimama uani huku marejesho ya benki yakiendelea.

Kwa asiyetaka kushika daftari la madeni kabisa, masoko ya hisa yana milango michache. Swissport Tanzania, inayohudumia ndege na mizigo viwanjani, iliorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2003. Precision Air iliuza hisa zake kwa umma mwaka 2011 kwa shilingi 475 kila moja. Nairobi kuna TPS Eastern Africa, yenye hoteli za Serena, zikiwamo za Serengeti na Ngorongoro. Zote tatu hutegemea safari za watu kwa namna moja au nyingine, na mwaka 2020 ulionyesha wazi kwamba hisa za aina hii hazimkingi mwekezaji dhidi ya kukosekana kwa wageni. Mwenye hisa haamshwi usiku na mdai, lakini naye hupata hasara.

Kabla ya kutoa mzigo

Kwa muuzaji au mkodishaji anayefikiria kuanza kuhudumia kampuni ya mlima, maswali yafuatayo yanaweza kujibiwa kwa siku moja bila gharama kubwa.

Kwanza, kampuni inauza safari ya siku saba kwa bei gani? Toa ada za hifadhi, kisha uone kama kinachobaki kinatosha watu, chakula na gari. Kwa mfano wa hapo juu, kinachobaki kikiwa chini ya dola 685 kwa mgeni, kuna mtu hatalipwa.

Pili, leseni yake ya biashara ya utalii ni ya mwaka huu, na iko kwa jina lake au imeazimwa kwa kampuni nyingine?

Tatu, wagumu wake hulipwa lini baada ya kushuka Mweka? Jibu hili halipatikani ofisini. Hupatikana kwa wagumu wenyewe.

Nne, ina wateja wa aina ngapi? Kampuni inayotegemea wakala mmoja wa nje hulipa pale wakala huyo anapolipa.

Tano, deni la juu kabisa ambalo muuzaji yuko tayari kulipoteza ni kiasi gani? Likifikiwa, mzigo usimame hata kama msimu umepamba moto. Muuzaji mwenye mtaji wa shilingi milioni mbili ambaye amempa mteja mmoja mali ya shilingi milioni moja na nusu ameshachelewa kuuliza.

Msimu ujao wa Juni utaleta oda nyingi kama kawaida, na kampuni mpya zitajitokeza na bei za kuvutia. Mgeni anayelipa dola 1,400 atapanda, atapiga picha na kuondoka. Dola 241 zilizopungua atakuwa amezilipa mtu mwingine, na muuzaji asiyefanya hesabu mapema anaweza kukuta mtu huyo ni yeye.